Pondo za Panzi

Katibu wa baraza alikuwa na subira nyingi, na kama angekuwa nayo pungufu kidogo, leo angekuwa jela. Baraza lenyewe kazi yake ilikuwa kusaidia wanamichezo wa mkoa wafike Olimpiki. Jina lake lilikuwa refu hata aliyechora bango la mlangoni akaishiwa nafasi, neno la mwisho akalibana chini kwa herufi ndogo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chini ya jukwaa la uwanja, ukuta kwa ukuta na choo cha wanaume, na siku za mechi watu wakirukaruka kule juu, vumbi la saruji lilidondoka kwenye chai. Humo wajumbe walikutana kila mwezi wakajadili marupurupu, sare za wajumbe na nani aketi karibu na mgeni rasmi. Wanamichezo walikuwa ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo.

Mambo mengine yote yalikuwa ya Katibu. Yeye ndiye wa kubisha milango ya wenye nazo, yeye wa kuketi mapokezi mpaka mgongo ukafa ganzi, yeye wa kuambiwa rudi kesho, na akirudi kesho aambiwe bosi amesafiri. Kabla ya kustaafu alikuwa mwalimu wa michezo, na usichanani alirusha mkuki. Siku hizi, alipenda kusema, anachorusha ni maombi tu, na hayaendi mbali.

Halafu palikuwa na Mwenyekiti. Huyu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mwenye duka la fanicha. Uenyekiti aliupata kwa sababu alikuwa na lori la kubebea makabati na baraza halikuwa hata na baiskeli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Katibu, maana mtu mbaya unamfukuza ukalala usingizi. Huyu alikuwa mkarimu, mcheshi, mwenye roho nyeupe kabisa, na kichwani hamna kitu. Umgombeze Jumatatu ofisini, Jumapili unamkuta kwa dada, amekutengea kipande cha nyama kilichonona, anakuuliza mbona umekonda.

Na baraza zima, pamoja na bango lake, lilikuwa na mtu mmoja tu wa kulitoa kimasomaso. Walimwita Panzi. Alikuwa binti wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya uwanja, na Katibu alimwona kwanza shuleni, siku binti alipouruka ukuta kukimbia adhabu aliyopewa na Katibu mwenyewe. Mwalimu mwingine angemchapa. Yeye aliutazama ule ukuta, akamtazama yule mtoto, akampa mti ajaribu kuruka zaidi.

Mchezo wake ulikuwa kuruka kwa upondo. Unakimbia na fimbo ndefu kuliko chumba cha kulala, unaichomeka chini, inapinda mpaka watazamaji wanafumba macho, halafu inanyooka na kukurusha juu, upite juu ya ufito bila kuuangusha. Ila upondo si mti wa kuanikia nguo, jamani. Unaagizwa ng'ambo, umetengenezwa kwa uzito wa mrukaji na nguvu zake, na ukiupunguza shubiri moja umeuua. Panzi alikuwa nazo mbili, laini ya kupashia mwili na ngumu ya kurukia kwelikweli, na kuzipata kulimgharimu Katibu miaka miwili ya kubembeleza watu ambao kwa kawaida asingewasalimia. Zilipofika, hazikuenea ofisini. Alitoboa ukuta, akaziacha zichungulie upande wa choo, na wanaume wakalalamika wee mpaka wakazoea.

Sasa Jumamosi ya wiki ile palikuwa na mashindano ya mwisho ya kuteua timu ya taifa, katika mji mwingine. Urefu wa kufuzu ulikwisha kutangazwa. Panzi mazoezini alikuwa ameuvuka, si mara moja. Akiuvuka Jumamosi anakwenda Olimpiki mwakani, asipouvuka ataitazama kwenye televisheni kama sisi wengine.

Lakini Mwenyekiti alikuwa na hafla yake Alhamisi. Alikuwa amempata mfadhili, mkurugenzi wa kiwanda cha rangi, na kwa jinsi alivyosimulia, mtu huyo angelibeba baraza mgongoni kwa miaka minne. Kwa hiyo iwepo hafla katika ukumbi wa kiwanda, wawepo waandishi wa habari, na pondo ziwepo jukwaani, mkurugenzi azione. Katibu alikubali kwa shingo upande. Jumatano alishinda wizarani akifuatilia vibali, Mwenyekiti akaja na lori kuzichukua pondo. Mwenyewe alisema asihangaike, vitu virefu ndiyo kazi yake.

Alhamisi asubuhi Katibu aliingia ukumbini na kuziona. Zilikuwa zimesimamishwa wima, moja kulia na moja kushoto kwa picha kubwa ya mkurugenzi, zimefungwa utepe. Zilipendeza, na kwa muda mfupi alimshukuru shemeji yake moyoni. Kisha akatazama dari. Ilikuwa dari ya chini, ya kuguswa na mtu mrefu akisimama kitini. Alizitazama pondo, akaitazama dari tena.

"Shemeji," aliuliza polepole, "zimeingiaje humu?"

"Zilikataa," Mwenyekiti alisema kwa furaha. "Na kuzilaza chini si heshima, mgeni hatoziona. Nikamwita fundi wangu, akazipunguza kidogo tu. Hebu ona alivyosugua ncha. Huwezi kujua kama pamekatwa."

Katibu alikaa juu ya ndoo ya rangi. Mwenyekiti akadhani amezidiwa na furaha, akamletea maji.

Tuseme ukweli, mtu huyu maisha yake yote alikuwa akiuza vitanda na makabati, na kwake kitu kisichopita mlangoni hupunguzwa, mteja akashukuru. Haikumpitia akilini kwamba upo mti duniani ambao urefu wake ndio kazi yake. Katibu alimweleza. Alimweleza kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la kwanza, kwa mikono, na taratibu uso wa Mwenyekiti ukabadilika rangi. Aliuliza kama haziwezi kuungwa kwa gundi. Alikuwa na gundi nzuri sana dukani.

Katibu alisimama, akasema anakwenda kumwambia mkurugenzi hafla imekwisha. Mwenyekiti alimshika mkono. Alimsihi kwa jina la dada yake. Leo mkurugenzi anatangaza ufadhili, alisema, fedha zikiingia wataagiza pondo nyingine, hata tano, lakini wakisema sasa wataonekana wendawazimu.

"Ni wendawazimu," Katibu alimwambia.

"Sawa, lakini asijue leo."

Na hapo, Mungu amsamehe, Katibu alinyamaza. Alimfikiria bondia wa mkoa anayeazima glavu. Akawafikiria waogeleaji wanaoruhusiwa bwawa la hoteli alfajiri tu, wageni wakiamka wanafukuzwa kama kuku waliovamia mchele. Miaka minne ya mfadhili ingewafaa wote hao. Akaketi safu ya pili, akafumbata mkoba wake.

Panzi aliitwa jukwaani. Mpiga picha akamtaka aushike upondo mmoja na kumtazama mkurugenzi. Binti aliunyanyua, na mara tu ulipomkaa mikononi akajua. Aliupitisha kiganja mpaka mwisho, akaipapasa ile ncha iliyosuguliwa vizuri, kisha akainua uso na kumtafuta Katibu katikati ya watu. Katibu akatazama viatu vyake. Panzi akatabasamu kwa ajili ya picha, maana alikuwa amelelewa vizuri.

Kisha mkurugenzi akahutubia. Alizungumzia utoto wake, mwendo wa kiwanda, aina za rangi na jua lisivyoweza kuzipausha. Watu wakapiga makofi kila aliponyamaza kunywa maji. Mwisho kabisa akatangaza ufadhili. Kampuni yake, alisema, itaupaka rangi uwanja wote wa mkoa, ndani na nje, rangi ya machungwa na kijani ambazo ndizo za kampuni, na jina la kampuni litaandikwa jukwaani kwa herufi zinazoonekana kutoka barabarani.

Katibu alingoja aendelee. Mkurugenzi akaketi. Ndiyo ilikuwa imekwisha. Hakuna nauli, hakuna glavu, hakuna upondo wala kijiti cha meno, ila rangi. Na mtu aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mwenyekiti, machozi yanamlengalenga, akiamini ameliokoa baraza.

Katibu alimkuta Panzi nyuma ya ukumbi kwenye mapipa matupu. Binti hakuwa analia. Aliuliza swali moja tu.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua leo asubuhi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza," Katibu alisema, na akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Alitaka kueleza habari za bondia na waogeleaji, akaona maneno hayo yatanuka rangi. Panzi akasema wasafiri vilevile. Huko wataomba upondo.

Basi Jumamosi wakafika uwanja wa ugenini mikono mitupu, kama watu waliokwenda kulima bila jembe. Warukaji wengine walikuwa wamelaza pondo zao kwenye nyasi, wengine tatu, wengine nne. Panzi alijifanya ananyoosha misuli. Katibu akaenda kuomba. Hilo alilijua, alikuwa na shahada yake. Alimwendea kocha wa mkoa wa jirani, mama mfupi mwenye filimbi shingoni, ambaye mrukaji wake ndiye aliyekuwa akishindana na Panzi kila mwaka na uzito wao ulikaribiana.

Yule mama aliuliza zao ziko wapi. Katibu angeweza kusema zimechelewa njiani. Alichoka kusema uongo, akasema kweli yote, mpaka msasa na utepe. Kocha alicheka, akacheka, kisha akamtazama Katibu usoni na kicheko kikakatika. Alimwita mrukaji wake. Yule mshindani hakusema mengi. Alichagua upondo mmoja, akamkabidhi Panzi na kumwambia ni mgumu kidogo kuliko aliouzoea, kwa hiyo aongeze mbio.

Mara ya kwanza Panzi hakupanda kabisa, upondo ulimkatalia akateleza kando. Mara ya pili alifika juu na kuuangusha ufito kwa goti. Kati ya nafasi tatu ilibaki moja. Katibu alikuwa ameng'ata kamba ya mkoba wake bila kujua, anamlaani shemeji yake, anamlaani mkurugenzi na babu zake, na zaidi ya wote anajilaani mwenyewe. Panzi alisogeza alama yake nyuma, akasimama pale muda mrefu, akakimbia. Upondo ukapinda, ukanyooka, na mtoto wa fundi cherehani akapita juu ya ufito na nafasi ikabaki. Katibu alipiga yowe la aibu kwa mtu wa umri wake. Alilia, na hakujali nani anamwona.

Kocha mfupi alimngoja amalize kulia, kisha akamweka kando. Olimpiki ni mwakani, alisema, na kwao kuna kambi, kuna godoro la kuangukia, chakula, daktari, na pondo za kila uzito. Kilichotakiwa ni barua ya ruhusa yenye muhuri wa baraza la mkoa wake. "Kwenu atarukia nini mpaka mwakani?" aliuliza, bila ubaya wowote.

Muhuri ulikuwa mkobani. Katibu hakuuacha ofisini kamwe, kwa sababu Mwenyekiti angegonga hata karatasi ya kufungia maandazi. Angeweza kusema suala hili lipelekwe kikaoni, na lingekaa huko mpaka Panzi apate wajukuu. Alimwita binti.

"Unataka kwenda?"

"Sitaki kukuacha, mama."

"Sikukuuliza hilo."

Panzi aliinamisha kichwa. "Nataka," alisema.

Katibu aliandika barua palepale, akaipiga muhuri juu ya goti lake. Safari ya kurudi alikaa dirishani na kiti cha jirani kikiwa kitupu.

Jumapili alikwenda kwa dada yake kama kawaida. Mwenyekiti alikuwa amezisikia habari za ushindi, na alikuwa hakaliki. Mipango ilikwisha kupangwa. Panzi atapokewa uwanjani, rangi itakuwa bado mbichi lakini kwa mbali haijulikani, atakuwepo mgeni rasmi, na yeye Mwenyekiti ameshaagiza fulana. Alimtengea shemeji yake kipande kilichonona, akauliza mwanariadha wetu anafika saa ngapi.

Katibu alimwambia hafiki. Akamwambia Panzi sasa ni wa mkoa wa jirani, na kwamba barua ameisaini yeye.

Dada aliacha kupakua. Mwenyekiti alitazama huku na huku kama mtu aliyepotea njia ndani ya nyumba yake. Hakukasirika, hajui kukasirika. Aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni kwa sababu ya zile pondo?"

Miaka yote Katibu alikuwa na majibu yake tayari kwa maswali kama hayo. Hapana shemeji, si wewe, ni hali tu. Hapana shemeji, ulikuwa na nia njema. Aliyasema kwa ajili ya dada, kwa ajili ya meza ile, ili Jumapili zipite salama, na kila alipoyasema mtoto fulani uwanjani aliyalipia. Dada yake alikuwa anamtazama, macho yanamwomba ayaseme tena.

"Ndiyo, shemeji," alisema. "Ni kwa sababu ya zile pondo."

Mwenyekiti aliisukuma sahani yake mbele, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika. Dada aliinuka akaenda kusimama nyuma yake. Katibu alimhurumia sana, lakini hakuomba radhi.