Kufuli Linalonuna

Lukumani, fundi bati wa Tabora mjini, alikuwa na makufuli mengi kuliko milango ya kuyafungia. Yalijaa ukutani kama popo: ya Mjerumani, ya Mhindi, na yaliyotoka kwenye maghala ya pembe za ndovu yaliyobomoka kando ya njia ya misafara. Wenzake wakienda Igunga walirudi na mchele; yeye alirudi na kufuli. Moja la shaba, zito, alilibadilisha na baiskeli yake nzima, mkewe akakaa siku kadhaa hasemi naye.

Hilo ndilo aliloliita Mnuno. Ndani lilikuwa na pini sita. Tano zilikuwa pini kama pini nyingine, lakini ya sita ilikuwa na tabia. Ukilifungua kwa ujanja, bila ufunguo wake, lilifunguka, ndiyo, ila ile pini ya sita ilipanda juu ikagoma huko. Tangu hapo hata ufunguo halali ulikataa kugeuka. Kufuli limenuna. Mpaka apatikane mtu wa kupenyeza sindano kwenye kitundu kilichofichwa chini yake, alibembeleze. Mtu huyo duniani alikuwa Lukumani peke yake.

Mwaka ule watu walipohamia vijijini, mdogo wake Nassibu alipangiwa kijiji cha ujamaa upande wa Goweko, akakabidhiwa duka la kijiji. Lukumani kwa kumpenda akampa Mnuno. Akaapa mbele ya kijiji kizima kwamba hakuna mkono utakaolifungua bila ufunguo ule. Habari ya kununa hakumwambia mtu, hata Nassibu. Mtu na siri yake bwana.

Basi siku moja mama yao, bi Mwanamkuu, aliyeishi na Nassibu kule kijijini, akashuka kwenye treni Tabora na kwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Mwanangu, mdogo wako wamemfunga kamba! Duka limekombwa, sukari, sabuni, vitenge, vyote. Kufuli zima, ukuta mzima, na ufunguo anao yeye shingoni. Kesho polisi wanakuja kumchukua. Watoto wale watano nitawapeleka wapi mimi?"

Lukumani aliweka nyundo chini. "Mama, asubuhi hiyo Nassibu alipofungua, ufunguo haukugoma?"

"Ugome kwa nini? Alifungua kama siku zote. Foleni nzima tulikuwa tunaona."

Lukumani akakaa juu ya karai alilokuwa akilitengeneza. Mnuno halikununa. Basi halikuguswa na mwizi yeyote. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla yeye kilizaliwa tumbo moja naye.

Kesho yake asubuhi alishuka kwenye treni, akamkuta Nassibu kwenye ofisi ya kijiji, mikono nyuma, midomo imekauka. Silasi, mgambo, aliwaachia nafasi kidogo.

"Kaka," Nassibu alinong'ona, "waambie kufuli lako bovu. Waambie hata mtoto analifungua. Niliwauzia wenye lori mzigo usiku, wakaniahidi kuleta mwingine kabla hakujakucha. Wamenitupa, kaka."

Lukumani alitaka kumzaba kibao. Alitaka pia kumkumbatia. Hakufanya moja wala lingine, maana dirishani mama yao alikuwa amesimama, macho mekundu, akiwatazama.

Mwenyekiti Masolwa akaita watu mbele ya duka. Lukumani akasimama na spoku ya baiskeli mkononi, jasho likimtiririka, akakikana kipenzi chake hadharani.

"Ndugu Mwenyekiti, niliwadanganya. Kufuli hili ni takataka. Mwizi yeyote anaweza kulifungua. Tazameni."

Akaingiza spoku, akatafuta, akasikiliza. Kufuli likaachia. Watu wakapiga kelele, mama akapiga kigelegele, Masolwa akaamuru Nassibu afunguliwe kamba. Kwa muda mfupi Lukumani alipumua. Alichoomba ni kitu kimoja tu, watu watawanyike kabla mtu hajakumbuka ufunguo.

Aliyekumbuka ni Nassibu mwenyewe. Kwa furaha yake ya kijinga alilibana kufuli mlangoni, akavua ufunguo shingoni, akauingiza ili aonyeshe alivyokuwa akifungua. Ufunguo haukugeuka. Akajaribu tena. Wapi! Silasi akajaribu kwa nguvu za kimgambo, naye akashindwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Bi Maua, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni siku ya wizi, akasogea mbele.

"Likifunguliwa kwa spoku linakataa ufunguo? Mbona asubuhi ile uligeuka vizuri, nikiona kwa macho yangu?"

Masolwa akamgeukia Lukumani. "Fundi, likishakataa hivi, kuna anayeweza kulirudisha?"

Lukumani alimtazama Nassibu. Akamtazama mama. Akauona mlango mmoja tu uliobaki, akaogopa kupita kiasi. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Yupo mmoja," alisema. "Mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni mimi. Nilikuja usiku nikafungua kwa spoku, nikabeba mzigo, nikalirudisha lilivyokuwa. Nassibu hajui kitu."

Mama alikwenda mjini kumwombea mwana mmoja, akampata, na sasa alikuwa akimpoteza wa pili kwa mikono yake mwenyewe. Akakaa chini mavumbini, kanga usoni.

"Maneno matupu hayo," alisema Masolwa. "Lirudishe tuone."

Lukumani akachomoa sindano kwenye kofia yake. Akakipapasa kitundu, akabembeleza, mpaka kitu kidogo kikalia ndani. Akanyoosha mikono, na Silasi akamfunga kwa kamba ile ile iliyomtoka Nassibu.

"Jaribu sasa," alimwambia mdogo wake.

Nassibu akageuza ufunguo, ukazunguka laini kama asubuhi ile ya wizi. Ndipo rangi ikamtoka usoni. Alielewa kwamba kaka yake alijua yote tangu mwanzo, kabla hata ya kupanda treni. Akafungua mdomo aseme.

Gari la polisi likasikika barabarani. Nassibu akaufunga mdomo wake.