Mstari wa Taa Nyuma ya Meli

"Ndege ya kiume hutua kwa kasi, ikashikwa na waya wa sitahani," Kamanda Ninian Garrow alimtania rubani Rhodri Pascoe asubuhi wakinywa chai. "Hiyo yako inatua kama kuku anayeshuka darini."

"Nyie mlitua kwanza, afande, ndipo mkamwomba Mungu msimame. Sisi tunasimama kwanza."

Alasiri ukungu uliimeza bahari yote ya kaskazini mwa Norwe. Rhodri alikuwa akiruka juu ya ukungu huo peke yake, amebakiwa na mafuta ya dakika sita, na nchi kavu mbali. Garrow, aliyeongoza ndege kutoka melini, alishukuru kimoyomoyo kwamba si ndege ya waya. Hiyo ingelazimika kuiona sitaha kwa mbali, na ikiukosa waya irudi hewani kwa mafuta isiyo nayo. Rhodri alihitaji kuifikia meli tu, asimame hewani ubavuni mwake, ashuke polepole. Basi mabaharia wakawa wanaangusha taa za kuelea majini nyuma ya meli, moja baada ya nyingine, apate kuzifuata.

"Naiona ya kwanza, afande."

"Zifuate, mwanangu. Zinapoishia ndipo tulipo."

Hapo upepo ukabadilika. Garrow akachukua simu ya usukani. "Ielekezeni meli kwenye upepo, kasi yote." Hakufikiri. Kwa miaka yake kumi na minane ya ndege za waya, ndege ikija, meli huukabili upepo.

"Nimepita ya nne," Rhodri akasema redioni. "Ya tano siioni."

Garrow akatazama dira. Meli ilikuwa imegeuka, nao mstari wa taa umepinda.

"Kata kulia. Kulia sana."

Ngurumo ya ndege ilipita kushoto, ikafifia.

"Mafuta yamekwisha. Nimekosea wapi, afande? Nimezifuata zote."

Garrow angeweza kuusingizia ukungu. "Hujakosea. Mimi nimeigeuza meli."

"Mazoea ya waya," Rhodri akasema, bila ukali. "Naruka kwa mwavuli. Nitafuteni upesi."

Injini ikanyamaza. Maji yale ya baridi humwachia mtu robo saa tu ya uhai. Mashua zilishushwa, lakini hakuna aliyejua zielekee wapi. Garrow alisimama ukingoni akiita jina lake ndani ya ukungu, na nusu saa ilipopita hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.