Sindano Kiunoni kwa Mzee Nkwabi

...na hii ya mwisho imeingia vizuri, haikukwama, ngozi ya mzee Nkwabi ngumu kama katambuga ya tairi lakini imepita, sasa zikae kidogo, Vaileth anajiambia, zikae tu, usizichezee, usiinuke, ukiinuka utajikuta umeshafika nje, na nje yupo Edson na gari la mgodi wa Wachina, injini kazima ila mdomo hajauzima, ukalimani ni kazi ya heshima, Mama Vaileth, atakaa kambini, chakula bure, matibabu bure, na mama anaitikia mmh, mmh, ile mmh yake ya kukubali kabla hujamaliza kusema... mkalimani, kumbe, miaka yote ile China anasoma tiba ya wazee wao, anameza majina ya mizizi na magome, anajichoma mwenyewe pajani kwanza ajue sindano inavyosikika, na walichotaka watu wote ni ulimi wake, maana hospitali ya mjini yule daktari alikigeuza cheti juu chini kama anayetafuta pa kufungulia, kizuri sana, dada, ila hapa hatuna nafasi ya jina hili, jaribu mwakani, na mwakani akasema hivyo hivyo, na lile duka la dawa za mitishamba kule Nyasubi wakampa koti jeupe siku ya kwanza, simama hapa mlangoni uonekane, mwenye presha mpe majani haya, mwenye kisukari mpe haya haya, akalivua koti likiwa bado na mikunjo ya dukani, bora nilale njaa, alisema siku ile, ulikuwa na shibe ulipokuwa unasema, Vaileth... na Denis, aliyekuwa anaongoza darasa zima, Denis yuko Guangzhou anawazungusha wanunuzi wa viatu, Rosemary kafungua saluni Mwanza anakanda mabega ya mabibi harusi, heri yake, angalau anagusa watu...

Jamani huyu kuku analia uvunguni, mzee kaja naye kwapani, kamfunga miguu, akamkabidhi kwa mikono miwili na yeye akashukuru kwa adabu zote, mpaka mama alipomvuta pembeni, siyo zawadi huyo, wewe mtoto, ni wa ramli, anataka umpasue umsomee, si ndivyo alivyofanya bibi yako, na kweli ndivyo alivyofanya, bibi Mageni, nfumu, mpiga ramli wa sifa, walimjia wagonjwa kutoka Mwadui, kutoka Bukombe, wanakaa mbele yake kimya kabisa kwa sababu mgonjwa hasemi panapouma, ukishasema yeye ataagua nini tena, ni yeye akuambie, akipatia unaitikia, akikosea unachukua kofia yako unaenda kwa mwingine, hamna ugomvi, na mzee Nkwabi leo kaingia vile vile, mwangaluka, babu, shikamoo, marahaba, akakaa akafunga mdomo, panauma wapi, babu, akacheka taratibu, si wewe ndiye umesoma, uniambie... hapo ndipo ungesema sijui, neno dogo tu, lakini hukulisema, ukashika mapigo yake, ukatazama ulimi, ukakumbuka alivyoingia anaburuta mguu wa kushoto, ukasema kwa sauti ya kujiamini, ni kiuno, babu, kinashuka mpaka gotini, na mzee hakukubali wala hakukataa, akalala kifudifudi, ukachoma, kwa sababu uliogopa, ndiyo, Samuye nzima inangoja kuona mjukuu wa Mageni kaleta nini kutoka China, akimkosea huyu wa kwanza hatakuja wa pili...

Vaileth, bado tu, anaita Edson, Geita siyo hapo mlangoni, wanataka jibu leo, ukikawia wanamchukua mwingine, anakuja, anasema mama, anamalizia, na mama naye ana haki yake, amechoka kuulizwa kila baada ya misa, hivi huyo binti yako ni daktari wa nini hasa, akijibu wa sindano wanasema kumbe nesi, akijibu wa mizizi wanasema kumbe uganga wa ukoo... basi aende, kambini kuna kitanda na umeme, atasimama katikati ya bosi na wachimbaji, huyu akisema anageuza, yule akisema anageuza, atakuja mtu jiwe limemponda mgongo, atasema panauma hapa, na yeye atamwambia bosi anasema panauma pale, basi, kazi imekwisha, mikono imekaa mfukoni, na moyo unamuuma kuliwaza hilo, unamuuma kweli, lakini moyo hauajiri mtu, haya, atoe sindano, anawe, apande gari...

Mzee anajisogeza, anaondoka huyu, anatafuta kofia, mkono wake unapapasa, lakini kofia iko mbele, kwenye kiti, na mkono unakwenda nyuma, unazikwepa sindano, unapanda pole pole mpaka chini ya bega la kulia na kutulia pale, ng'wanawane, anasema akiwa ameuzika uso kwenye mto, mwanangu, huo mguu nimezaliwa nao, hauniumi, panaponiuma ni huku, tangu dume liliponibana zizini, usiku sigeuki, na anasema kwa aibu, kama mtu anayevua shati mbele ya wakwe... Vaileth amekosea, basi, amekosea wazi kabisa, anangoja mzee ainuke na mzee hainuki, amelala na sindano zisizomhusu kiunoni na bado anamwambia panapouma, kitu ambacho bibi Mageni na sifa zake zote hakuna aliyewahi kumwambia, maana bibi alipokosea walimwacha, na huyu hajamwacha, huyu anamrekebisha ili amtibu, na Vaileth anaona furaha, ajabu, furaha ya kukosea... tunaondoka au hatuondoki, anaita Edson, anakuja, anakuja, anasema mama, na Vaileth anavuta kigoda, anakaa, anaweka kidole chini ya bega la mzee, hapa, babu, au juu kidogo?