Imiyenzi Katikati ya Uwanja

Mzee Sultani alikosa bomba la maji. Alikosa kiuno cha kuinamia, maana miaka arobaini ya cherehani ilikuwa imekigeuza ubao. Alikosa ukuta wa kuzuia mbuzi wa watu, alikosa subira ya kubembeleza ua lichanue, na kwa kuwa mkewe Uwamwezi alikuwa Nkungu akimuuguza dada yake, juma zima alikosa pia mtu wa kumwambia kwamba anakosea. Juu ya yote alikosa tabia ya kuuliza. Mwenye cheti cha shule ya jioni, kilichotundikwa sebuleni ndani ya kioo, angemuuliza nani?

Hayo yasingekuwa neno kama Mama Védastine, mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chao, asingepita akitangaza kwamba kila nyumba inayotazama lami ipendezeshe uwanja wake wa mbele kabla ya mwezi kwisha.

Sultani akashika kalamu, akaandika sifa za mmea anaoutaka: usinywe, usiliwe, usipogolewe, usimwinamishe mtu. Akazunguka na karatasi ile kama mtu anayetafuta mchumba. Waridi likashindwa sharti la kwanza, bogonvilia la tatu, na mahindi, aliyoyafikiria kwa muda mfupi, yakashindwa yote manne. Alikuwa Giheke alipouona mmea mkamilifu: imiyenzi, ile minyaa ya vijiti vya kijani isiyo na majani. Kijiti ukikichomeka kinashika chenyewe, mbuzi wanakikwepa, na jua halikiwezi. Akarudi na mzigo mzima juu ya pikipiki.

Sasa, Sultani alizaliwa mjini Kamembe, katika ukoo wa mafundi na wachuuzi, watu wanaotenganishwa na kuta. Jembe alilijua kwa jina tu. Basi akapanda kama fundi cherehani: alivuta uzi kutoka barabarani hadi kizingitini, katikati kabisa, kama mshono wa mgongo wa koti, akachomeka vijiti vyake kwa kuufuata. Kila upande akaweka shubiri mbili. Akarudi nyuma hatua sita, akajipongeza.

Ijumaa Uwamwezi alirudi, akasimama barabarani na mzigo wake kichwani.

"Bashahidi balikuwa banani?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Bashahidi ba nini, Mama Uwase?" Alimwita kwa jina la mtoto wao, kama siku zote.

"Ba mupaka."

Kwao Nkungu, kwa wakulima, mtoto hujua kabla ya kuota meno kwamba mstari wa imiyenzi ni mpaka. Ndugu wakigawana shamba, ndiyo inayopandwa mbele ya mashahidi, na maneno yanakwisha.

"Miaka makumi tatu na munane, Papa Uwase," alisema. "Kama umenichoka ungesema tu. Haikuwa lazima kupanda."

Hapo neno moja lingetosha, nalo lilikuwa tayari mdomoni mwa Sultani: sikujua. Likakwama. Akakohoa.

"Nilipima kwa haki," alisema. "Sentimita kwa sentimita."

"Naona. Basi mi nakamata kushoto."

Kushoto ndiko kulikokuwa na jiko, pipa la maji ya mvua na choo. Kulia kulibaki cherehani, cheti, na redio isiyo na betri.

Wakaanza kuishi kijirani. Imiyenzi ilimfika Sultani magotini, lakini mtu aliyeipima kwa mkono wake hawezi kuiruka. Kila alipobanwa alitoka hadi barabarani, akazunguka, akaingia upande wa pili.

"Hodi, jirani."

"Karibu, jirani. Unaenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda, Mama Uwase."

"Jirani mwema anaaga."

Jioni sahani ya ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, ilipita juu ya vijiti, imefunikwa vizuri, kama ya kupelekewa mgeni aliyehamia. Na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, Sultani aliirudisha na jani la shubiri. Uwamwezi akashukuru kwa heshima zote. Heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza. Meza yao ya chai ilisimama mlangoni, miguu miwili huku, miwili kule, na siku ya tano hakuna aliyekuwa ameketi hapo. Sultani hakutaka kitu kingine duniani ila kumwona Uwamwezi ameketi pale tena, akimkosoa.

Mama Védastine akaja kukagua na daftari lake. "Nyumba mbili," alisema huku akiandika, "zote safi."

"Ni nyumba moja, Mama."

"Na huu mupaka?"

"Ni urembo."

"Mzee, mi nimezaliwa shambani. Urembo hauingiaka mpaka kwenye kizingiti. Kwenye kazi ya pamoja ya umuganda ujao mutoke bote wawili, kila nyumba na jembe yake."

"Basi naung'oa leo hii."

"Upande moja haung'oi mupaka. Andikia jirani barua, useme sababu, yeye atie saini."

Sultani akakaa kwenye cherehani, akaandika. Barua ya kwanza ilitaja upepo. Ya pili ilitaja mabadiliko ya tabianchi. Ya tatu, ukurasa mmoja na nusu, ilithibitisha kwamba kosa lilikuwa la watu wa Giheke. Ng'ambo ya vijiti Uwamwezi alikuwa akicheka kwenye simu, kicheko kirefu, na Sultani hakujua kinahusu nini. Akazichana zote tatu.

Ya nne ilikuwa fupi:

"Kwa Jirani Mheshimiwa wa Kushoto. Sikujua kwamba imiyenzi ni mpaka. Nilijua tu kwamba haitaki maji. Naomba ruhusa ya kuing'oa, na kama una nafasi, tunywe chai. Mimi, Jirani wa Kulia, Sultani."

Aliikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaikandamiza chini ya mguu wa cherehani mpaka iliposhika. Kisha akatoka barabarani, akasimamisha pikipiki.

"Tunaenda wapi, Mzee?" aliuliza dereva.

"Mimi siendi. Inakwenda barua. Pale." Akaonyesha ng'ambo ya vijiti.

Dereva akautazama mlango, akaitazama imiyenzi, akamtazama Mzee. "Pale ni hatua tatu."

"Ni barua rasmi."

Dereva hakubisha zaidi. Aliiweka bahasha ndani ya kofia ngumu ya abiria, akaifunga mkanda kama sheria inavyotaka, akawasha.