Pumzi ya Mpiga Tarumbeta

Picha namba kumi na tisa ilikuwa safi kuliko zote. Ukuta wa mshipa wa moyo ulionekana kama pete, kingo zake zimekolea, bila ukungu wowote. Mpimaji alipoiona, aliachia kipanya cha kompyuta.

Katika chumba kile picha hazikuwa na majina, ili jicho lisimpendelee mtu. Lakini mashine ya sumaku iliyopiga picha hizo hutaka pumzi itulie kabisa, na kati ya watu sita waliojitolea kupimwa asubuhi ile, ni mmoja tu aliyeweza kuibana bila kutetereka: baba yake mpimaji, aliyepuliza tarumbeta miaka arobaini. Binti mwenyewe ndiye aliyembembeleza aje. "Utafiti wetu unahitaji pia wazee wasioumwa, baba," alimwambia.

Alichora mstari wa ndani, akachora wa nje. Milimita mbili nukta sita. Ukuta wa mtu mwenye afya haufiki hata moja na nusu. Akafuta, akachora tena kwa huruma, akiukwangua unywele mmoja huku, unywele mmoja kule. Mbili nukta tano.

Kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha picha zilizotikisika. Ukikitia alama, picha hutupwa na hakuna anayeuliza. Laiti mzee angekohoa mara moja tu mle ndani. Alikitazama kisanduku kwa muda mrefu, kisha akaandika mbili nukta sita na kumwita daktari.

Daktari alivua miwani. "Mishipa yote mitatu imenenepa, tangu mwanzo hadi mwisho. Hapana pa kuzibua wala pa kuunga, binti yangu. Vidonge tutampa." Hakusema vya nini.

Baba alikuwa bado kwenye benchi la nje, kofia magotini.

"Enhe, fundi wangu. Nimewashinda vijana?"

"Picha yako ndiyo nzuri kuliko zote, baba."

"Nilijua. Yule mwenzako wa mashine alidhani nimekata kamba mle ndani." Akacheka, kicheko kikamwishia njiani. "Hebu nihesabie uone."

Kabla hajajibiwa, mzee alikwisha kuvuta pumzi na kufumba macho. Kifua kikasimama tuli.

Binti akaanza kuhesabu. Alipofika ishirini akaacha kuhesabu. Baba hakufumbua macho. Aliinua kidole kimoja, kumwomba aendelee.