Siku ya Kumi na Moja

Saa kumi na dakika kumi alasiri, fundi wa kuchomelea vyuma aliandika ujumbe kwenye kundi la mtandaoni la wanawake wanaotetea haki zao. Kanuni ilimtaka mwanamume mgeni asome tu kwa siku thelathini bila kuandika neno, na anayeivunja huondolewa. Yeye alikuwa katika siku ya kumi na moja.

“Dada zangu, nisameheni. Binti yangu amepata hedhi ya kwanza. Amejifungia bafuni, analia. Mama yake hatunaye tena. Nimwambie nini?”

Wa kwanza kujibu alikuwa mwalimu wa hesabu. “Nyinyi wageni wa kiume hamwezi kunyamaza hata mwezi mmoja? Msimamizi, mtoe.”

“Ngoja kwanza, shoga,” akaandika muuguzi. “Kaka, pedi umenunua?”

“Ninazo aina nne. Sikujua ipi ni ipi.”

“Aina nne! Unafungua duka?” Huyo alikuwa mwalimu tena. Kisha akaongeza: “Ziweke zote mlangoni pamoja na chupi safi. Mwambie haumwi na hajakosa. Halafu sogea mbali, usimsimamie kama askari.”

Dakika kumi na tisa zikapita.

“Amefungua,” fundi akaandika. “Ameniuliza nani kanifundisha. Nimemjibu, shangazi zako. Sasa nitoeni, kanuni ni kanuni.”

Msimamizi, karani wa mahakama, hakumtoa. Saa kumi na moja kasoro dakika tano alifungua orodha ya wageni, akafuta siku ya kumi na moja mbele ya jina la fundi, akaandika siku ya kwanza.