Kidole Kimoja cha Dawa

Haya yote ni kweli tupu, na asiyeamini aende Nkoma akaulize mwenyewe, nauli juu yake.

Jumamosi moja ya Machi, saa nne asubuhi, Nyamizi wa kidato cha pili alikaa mlangoni na daftari la kemia, akirudia mada ya michanganyiko. Alikariri kwa Kiingereza, kama anavyofundishwa, na nyumbani hakuna kilichotikisika. Baba yake, Bundala, alikuwa anaosha bomba la kupulizia pamba.

"Mayu, mama yangu, hicho unachoimba maana yake nini?"

"Mchanganyiko, baba. Vitu viwili au zaidi vimekaa pamoja bila kuungana. Vinaweza kutenganishwa."

Vikatengana. Mchanga ukatoka kwenye dagaa wa Lamadi, ukajipanga pembeni. Majani ya chai na sukari vikajitenga ukingoni mwa kikombe. Bundala akanywa maji yaliyobaki, akalalamika kwamba hayana ladha.

Kisha akaitazama chupa ya dawa ya pamba. Tangu apewe na ofisi ya pembejeo ilikuwa nyeupe kama maziwa. Sasa maji matupu yalifika shingoni, na chini kabisa ilikaa dawa: kidole kimoja.

Yeye na mkewe walikuwa wamepulizia mara tatu, kwa chupa nyingine kama hiyo. Funza walikula vitumba mchana kweupe, wakanenepa, naye wiki nzima akamgombeza mkewe kwamba hajui kushika bomba. Pamba ile ndiyo iliyokuwa shule ya Nyamizi.

"Twende," akasema, kwa sauti ndogo iliyomwondoa hata mbwa.

Kwenye ofisi ya pembejeo, ambayo jina lake tuliache, mkubwa aliitazama chupa bila kushangaa.

"Kwani dawa haimo?"

"Imo," akasema Bundala. "Kama chumvi ilivyomo kwenye jasho langu."

"Nani kaitenganisha?"

"Mimi, nilipoeleza somo kwa Kiswahili," akasema Nyamizi.

"Kwa Kiswahili? Binti, kemia ni Kiingereza. Rudia rasmi, niandike."

Nyamizi akarudia kwa Kiingereza, hakukosea hata neno. Maji na dawa vikakumbatiana, chupa ikawa nyeupe. Mkubwa akaandika: dawa ni nzima, mkulima atikise kabla ya kutumia. Akagonga muhuri. Nyamizi akasema tena kwa Kiswahili, vikatengana palepale, lakini muhuri ulikuwa umeshakauka.

"Na pamba yangu?" akauliza Bundala.

"Mzee, hata funza ni viumbe."

Hapo mkubwa akainamisha uso kwa aibu.

Na hapo ndipo Eufrasia, muuza maandazi wa Somanda aliyekuwa akisikiliza barazani, alipoisimamisha hadithi. Maji kupanda, alikubali. Dawa kushuka, alikubali. Shamba lake mwenyewe liliisha kwa dawa hiyohiyo.

"Lakini aibu, mzee? Mtu yule? Hapo umetudanganya."

Baraza zima likamgeukia msimulizi. Akawanunulia soda wote, kisha akakiri: mkubwa aliinama kutafuta kalamu, ili Bundala atie saini ya kupokea chupa nyingine nne.

Bundala akatia saini. Funza walikuwa hawasubiri.